Virusi vimetoka, mwili bado unalalamika: kutenganisha yanayobaki baada ya tiba ya homa ya ini C

Majibu ya maabara yanasema virusi havionekani tena, lakini miezi inapita na mwili haurudi ulivyokuwa. Unaamka umechoka kana kwamba hukulala, viungo vinauma, nyayo zinawaka moto usiku, maneno yanakupotea katikati ya mazungumzo. Ukimweleza daktari aliyezoea kushughulika na virusi peke yake, huenda ukajibiwa kwamba umepona na hakuna zaidi la kufanya. Ukimweleza mwenzako aliyepitia tiba hiyohiyo, atakwambia ni dawa, na kwamba ya dawa hayaishi. Majibu yote mawili yanamwacha mgonjwa palepale, kwa sababu yote mawili yanachukua malalamiko yenye asili mbalimbali na kuyafunga kwenye furushi moja.

Furushi hilo hufunguka. Ndani yake mna ugonjwa ulioamshwa na dawa ambao sasa unajiendesha wenyewe. Mna uharibifu uliofanywa na virusi kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Mna mambo ambayo virusi vilikuwa vikiyaficha, yakajitokeza vilipoondoka. Na mna magonjwa ya kawaida ambayo yangekuja hata bila homa ya ini. Kila moja lina kipimo chake, na mengi yana tiba.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba virusi kweli vimeondoka. Kipimo kinachothibitisha ni kile cha kutafuta RNA, yaani chembe za urithi za virusi vyenyewe, kwenye damu, wiki 12 au zaidi baada ya dozi ya mwisho. Kipimo cha kingamwili hakifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa kitaendelea kutoa jibu la chanya kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, hata kwa aliyepona kabisa. Wapo waliorudishwa kwenye hofu na karatasi hiyo moja tu. Kingamwili hizo pia hazikukingi: ukikutana tena na damu yenye virusi unaweza kuambukizwa upya. Kwa hiyo kama vimeng'enya vya ini, hasa ALT, vimepanda tena, RNA irudiwe kabla ya kutafuta maelezo mengine.

Dawa gani, na ulimaliza lini

Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989. Kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata, tiba ilitegemea sindano za interferoni, baadaye zikiambatana na vidonge vya ribavirini, kwa wiki 24 au 48 kulingana na aina ya virusi. Interferoni haiui kirusi moja kwa moja. Inaamsha kinga ya mwili ipambane nacho, na kinga ikishaamshwa kwa nguvu hiyo haichagui adui siku zote. Sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, mambo yaligeuka. Dawa za kundi hili hushambulia kirusi chenyewe, humezwa kwa wiki 8 au 12, na huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Madhara yake ya kawaida ni maumivu ya kichwa, uchovu, kichefuchefu na usingizi kukatika, na kwa wengi huisha dozi ikiisha.

Ndiyo maana swali la kwanza si "unajisikiaje" bali "ulitumia nini na ulimaliza lini". Aliyechomwa interferoni kwa mwaka mzima na aliyemeza vidonge kwa wiki 12 hawatafutiwi jambo moja.

Muda nao unasema mengi. Mabaki ya sofosbuviri kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 27 hivi, kwa hiyo wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho hakuna cha maana kilichobaki. Interferoni ya kudumu, ile ya sindano moja kwa wiki, hutoka ndani ya wiki chache. Ribavirini ndiyo inayokawia: hupungua kwa nusu kila siku 12 hivi na hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, hata ikaonekana kwa miezi kama 6. Kwa sababu hiyo mwanamke aliyeitumia hatakiwi kushika mimba kwa angalau miezi 6 baada ya kumaliza (maelekezo mengine ya sasa yanasema 9), na mwanamume aliyeitumia asimpe mwenzake mimba katika kipindi hicho.

Kwa hiyo mtu anayelalamika mwaka wa pili hana dawa iliyobaki mwilini. Hili tunalisisitiza kwa sababu wapo wanaouza dawa za "kusafisha ini" na "kutoa sumu" kwa watu hawa hasa. Hakuna cha kusafisha. Mchanganyiko wa mimea usiojulikana viambato vyake unaweza kuliumiza ini ambalo ndiyo kwanza limepumzika, na vimeng'enya vikipanda hapo, daktari atahangaika kujua kama ni maambukizi mapya, mafuta kwenye ini, au chupa hiyo.

Tezi ya thairoidi

Kama ulichomwa interferoni na kuna kipimo kimoja tu unachoweza kuomba, omba cha tezi hii iliyo mbele ya koo. Interferoni huweza kuifanya kinga ishambulie tezi, na wanawake pamoja na wale waliokuwa na kingamwili za tezi kabla ya tiba wako kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa wengine tezi hurudi sawa baada ya sindano kukoma. Kwa wengine hairudi.

Tezi ikizembea, mtu huchoka, husikia baridi, huongezeka uzito, hufunga choo, husahau, huwa na huzuni, na lehemu yake hupanda. Soma tena orodha hiyo: karibu yote ndiyo watu wanayoyaita "madhara ya interferoni yasiyoisha". Tezi ikizidisha kazi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, uzito hushuka, usingizi hupotea.

Kipimo cha kuanzia ni TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Kikiwa nje ya hapo, hupimwa T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe, na kingamwili za tezi. Hapa pana mtego unaostahili kuelezwa taratibu. Nywele hunyonyoka wakati wa interferoni, na wengi huanza kumeza biotini, vitamini ya nywele na kucha, kwa matumaini zitarudi haraka. Biotini ya dozi kubwa huingilia mitambo mingi inayopima homoni, TSH ikasomeka chini na T4 juu kuliko ukweli, na mtu mwenye tezi nzima akaonekana mgonjwa. Iache siku mbili kamili kabla ya kutolewa damu, au zaidi ukiwa kwenye dozi kubwa sana, na umwambie mpimaji. Nywele zenyewe kwa kawaida hujirudia miezi michache baada ya tiba kwisha, kwa biotini au bila biotini.

Mtego wa pili uko kwenye tezi inayozidisha. Kuna hali mbili zinazofanana usoni. Katika moja, tezi inatengeneza homoni kupita kiasi, na dawa kama kabimazoli hufaa. Katika nyingine, tezi imevimba na kuvuja homoni iliyokuwa imehifadhi; haitengenezi chochote cha ziada, kwa hiyo kabimazoli haina cha kuzuia. Hii ya pili hutulizwa kwa propranololi ya kupunguza mapigo ya moyo, husubiriwa wiki kadhaa, na mara nyingi huishia kwenye tezi iliyozembea kabla ya kupona au kubaki hivyo. Kingamwili za aina ya TRAb, zinazoichochea tezi, au picha ya tezi ndizo zinazotofautisha. Uliza ipi kati ya hizo unayo kabla ya kukubali dawa ya miezi mingi.

Aliyeandikiwa levothairoksini, homoni ya vidonge ya kuziba pengo la tezi iliyozembea, aimeze tumboni hamna kitu, kwa maji, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4, maana huikamata tumboni isifyonzwe. Mwenye umri mkubwa au ugonjwa wa moyo huanzishwa dozi ndogo, mara nyingi mikrogramu 25. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kuipima baada ya wiki 2 ni kupoteza damu, kwa kuwa homoni hii hujibu polepole.

Uchovu usioisha

Uchovu ndiyo lalamiko kubwa kuliko yote. Virusi vyenyewe huuleta, na wengi hupata nafuu vikiondoka, ila si wote na si mara moja. Usikubali kuuita "wa kawaida" kabla mambo haya hayajaangaliwa: picha kamili ya damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, TSH, sukari, figo, vimeng'enya vya ini, na usingizi.

Ribavirini huvunja chembe nyekundu, na himoglobini hushuka ndani ya wiki za mwanzo za tiba. Dawa ikikoma, hurudi ndani ya wiki 4 hadi 8. Ikiwa miezi mitatu imepita na himoglobini bado iko chini, ribavirini haihusiki tena. Tafuta upungufu wa chuma, damu inayovuja tumboni, au wengu lililovimba kwa sababu ya makovu ya ini. Chembe sahani (zinazogandisha damu) zilizo chini pamoja na wengu kubwa zinaelekeza huko huko.

Kuhusu usingizi, anayekoroma kwa nguvu, anayeshtuka akitafuta pumzi na anayesinzia mchana kwenye kiti achunguzwe kama pumzi inakatika usiku. Hili halina uhusiano na homa ya ini, na ndiyo maana husahaulika.

Vipimo vikiwa safi, kinachobaki ni kuupanga mwili. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni la mtu kulala siku tatu, kisha siku ya nne akajisikia vizuri na kufanya kazi za wiki nzima, halafu akaanguka tena. Kila mzunguko wa namna hiyo hupunguza nguvu za misuli. Kinachofaa ni kutafuta kiasi unachoweza kukifanya hata siku mbaya, tuseme kutembea dakika 10, na kukifanya kila siku bila kuzidisha siku nzuri. Baada ya wiki moja au mbili ongeza dakika 2 au 3. Ukishindwa, rudi hatua moja nyuma, usirudi sifuri. Lengo la mbali ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo, na hakuna ubaya likichukua nusu mwaka. Kama kila juhudi ndogo inakuangusha kitandani kwa siku kadhaa, usiongeze chochote. Rudi kwa daktari, kwa sababu mwili wa namna hiyo hausukumwi.

Akili na moyo

Interferoni inajulikana kwa kuleta sonona, hasira za ghafla na fikra za kujiua. Kwa wengi hupungua wiki au miezi baada ya sindano kukoma. Kwa wengine hudumu au hurudi baadaye, hasa waliokuwa nayo zamani. Hii ni sonona kama sonona nyingine yoyote na inatibika vivyo hivyo, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Sertralini na sitalopramu hutumika sana kwa watu wa homa ya ini, ingawa mwenye ini lenye makovu mengi hupewa dozi ndogo. Duloksetini hairuhusiwi kwa mwenye ugonjwa wa ini.

Kusahau na kichwa kuwa kizito kuna tafsiri moja isiyopaswa kupita bila kuulizwa. Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ini linaposhindwa kuchuja sumu zitokazo tumboni, ubongo huathirika: usingizi hugeuka mchana ukawa usiku, mwandiko huharibika, mtu hukasirika bila sababu, mikono iliyonyooshwa hupepea. Kufunga choo huchochea, na vidonge vya usingizi kama diazepamu huchochea zaidi. Tiba ya kwanza ni laktulosi, dozi ikipandishwa au kushushwa mpaka choo laini kipatikane mara 2 au 3 kwa siku. Pungufu ya hapo haisaidii, na zaidi ya hapo huleta ukavu wa mwili unaorudisha tatizo lile lile. Ndugu wa nyumbani huona mabadiliko haya kabla ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo aje naye kliniki.

Nyayo, viungo na ngozi

Ganzi na kuwaka moto miguuni, viungo kuuma, na madoadoa mekundu ya zambarau kwenye miguu ya chini huweza kuwa dalili za protini ziitwazo krayoglobulini, ambazo virusi vya homa ya ini C huuchochea mwili uzitengeneze. Protini hizi huganda kwenye ubaridi na kuziba mishipa midogo. Kupona virusi hupunguza tatizo kwa wengi, lakini seli zinazozitengeneza zinaweza kuendelea na kazi kwa miezi au miaka.

Kipimo chake huharibiwa kirahisi kuliko vipimo vingi. Damu lazima ichukuliwe kwenye chupa iliyopashwa moto na ikae kwenye nyuzi joto 37 mpaka igande na maji yake yatenganishwe. Ikipoa njiani, krayoglobulini huganda na kutupwa pamoja na tonge la damu, na jibu linakuja "hakuna". Ikiwa dalili zote zipo na jibu ni hasi, uliza sampuli ilisafirishwaje kabla ya kuamini. Pamoja nacho pimwa mkojo kwa protini na damu, kwa kuwa figo huweza kuumia bila maumivu yoyote.

Ganzi yenyewe ina wachochezi wengine: kisukari, upungufu wa B12, pombe. Maumivu ya mishipa ya fahamu hayasikii sana paracetamoli. Dawa kama gabapentini na amitriptilini hufanya kazi zaidi, zikianza kwa dozi ndogo usiku na kupandishwa taratibu. Gabapentini hupangwa kulingana na figo. Kagua nyayo kila jioni, kwa kuwa mguu wenye ganzi hauoni jiwe ndani ya kiatu.

Paracetamoli ni salama kuliko watu wanavyodhani, ila mwenye sirosisi asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Ibuprofeni na diklofenaki ndizo za kuogopwa kwa mwenye sirosisi: huumiza figo na huweza kutoboa tumbo mahali ambapo damu haikatiki kirahisi.

Mengine tuyapitie upesi. Kinywa kikavu kilichoachwa na interferoni na ribavirini huozesha meno, kwa hiyo daktari wa meno na dawa ya mswaki yenye floridi si anasa. Interferoni imewahi kuumiza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Uoni uliofifia au madoa yasiyotoka yaonwe na daktari wa macho.

Yaliyokuwa yamefichwa

Virusi vya homa ya ini C husafiri kwenye damu vikiwa vimepanda juu ya chembe za mafuta, na vinapoondoka, lehemu mbaya hupanda. Dawa haikuileta, ni kiwango chako halisi kilichokuwa kimeshushwa na ugonjwa. Pima mafuta ya damu miezi mitatu hivi baada ya tiba. Ukihitaji statini, dawa ya kushusha lehemu, ini lililopona halikatazi, na hata mwenye sirosisi iliyotulia kwa kawaida anaweza kuitumia. Wengi pia huongezeka uzito, na mafuta yakijaa kwenye ini, ALT hupanda bila kirusi hata kimoja.

Sukari huenda upande mwingine: kwa wenye kisukari mara nyingi hushuka virusi vikipungua, na anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kupata jasho, kutetemeka na kuzimia kwa dozi ileile aliyoizoea. Dozi ipunguzwe na daktari mara vipimo vya nyumbani vinapoonyesha mteremko.

La hatari zaidi ni homa ya ini B. Mtu anaweza kuwa na virusi vyote viwili, C ikiikandamiza B. C ikiondolewa ghafla, B huamka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa liwekwe kwenye dawa zote mpya za homa ya ini C kwa sababu hii, baada ya baadhi ya wagonjwa kupoteza maisha. Kama hukumbuki kupimwa B kabla ya tiba, omba vipimo vya HBsAg (kipande cha virusi vya B kwenye damu) na kingamwili ya kiini cha virusi vya B sasa.

Ini lenyewe

Makovu hayaondoki siku virusi vinapoondoka. Mashine ya kupima ugumu wa ini huonyesha namba iliyoshuka haraka baada ya tiba, na watu wengi huambiwa sirosisi imekwisha. Sehemu kubwa ya mteremko wa mwanzo ni uvimbe uliotulia, siyo kovu lililoyeyuka. Namba inayoamua kama utafuatiliwa ni ile ya kabla ya tiba. Aliyekuwa na sirosisi anaendelea kufanyiwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, kwa kuwa saratani ya ini bado inaweza kutokea miaka mingi baada ya kupona virusi. Baadhi ya miongozo inamjumuisha pia aliyekuwa hatua moja kabla ya sirosisi. Aliyekuwa na makovu kidogo na hana pombe, kisukari wala unene uliokithiri, kwa kawaida hahitaji ufuatiliaji huo.

Unapokwenda kliniki, beba karatasi moja yenye majina ya dawa ulizotumia, tarehe ya kuanza na kumaliza, jibu la RNA na tarehe yake, namba ya ugumu wa ini ya kabla ya tiba, na kila lalamiko likiwa na mwezi lilipoanza. Lililoanza kabla ya tiba, lililoanza katikati na lililoanza mwaka mmoja baadaye huongoza kwenye vipimo tofauti, na daktari akiziona tarehe hizo mbele yake hatakuwa na sababu ya kusema "ni dawa" na kufunga faili.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kuchanganyikiwa, au fikra za kujiua havisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako.